Kemia Msiwaachie Wengine



Mwaka jana, matokeo ya mtihani wa serikali yalipokwisha kutangazwa, kijana mmoja wa kikundi chetu alinijia nyumbani jioni. Alikuwa amepata alama nzuri katika hesabu na kemia, naye alitamani kujiandikisha katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kitivo cha Polytechnique, idara ya kemia ya viwandani. Lakini hakuja kushangilia. Alikuja na neno la nyanya yake, kambo kama tunavyosema hapa Katanga. Mama huyo mzee alikuwa na bustani ya mboga kando ya mto, mpaka maji machafu ya kiwanda kimoja yalipoanza kushuka huko. Mboga zilikauka, samaki waliisha, na udongo wenyewe ukabadilika rangi. Aliposikia masomo ambayo mjukuu wake anayataka, alimwuliza swali moja tu: «Unakwenda kujifunza namna ya kumaliza bustani yangu?»

Kijana akaniuliza: «Mwalimu, je, ni dhambi?»

Nilimjibu kwamba si dhambi, lakini ingekuwa afadhali achague masomo mengine: sheria, au ualimu kama mimi, asije akala mkate wenye machozi ya kambo yake ndani. Kwa heshima hakunipinga. Alishukuru, akaenda, akajiandikisha katika sheria. Nami nililala vizuri usiku ule, jambo linalonitia haya leo. Maana nilimjibu vibaya. Na kwa kuwa nilimjibu kama katekista wa parokia, si kama jirani tu, naona ni haki nisahihishe kosa langu hapa mbele yenu wote, wala si kwa kunong’ona sakristiani.

Kwanza tuijue kazi yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaisifu au tunailaani bila kuielewa. Mkemia huchanganya vitu katika kikombe cha kioo ili ajue vinageuka kuwa nini. Mhandisi wa kemia huulizwa swali jingine: jambo hilo likifanywa katika tangi lenye ukubwa wa kanisa letu, usiku na mchana, mwaka mzima, litakuwaje? Litatumia maji kiasi gani, moto kiasi gani, na uchafu wake utakwenda wapi?

Mkitaka kufahamu tofauti hiyo, waulizeni akina mama wanaopika siku ya upadirisho. Anayejua kupika bukari ya watu watano hapiki bukari ya watu mia tano kwa kuzidisha tu unga na maji mara mia moja. Sufuria kubwa huchelewa kupata moto. Chini bukari inaungua na juu bado ni unga mbichi. Mwiko wa nyumbani haufiki, na mkono wa mtu mmoja hautoshi kuusukuma. Sababu yake inaweza kuandikwa ubaoni. Chukueni sanduku, mlirefushe mara mbili kila upande. Eneo la nje linakuwa mara nne, lakini ujazo unakuwa mara nane. Basi joto linalozaliwa ndani ya mchanganyiko linaongezeka upesi kuliko ngozi ya tangi inavyoweza kulitoa nje. Kinachopata uvuguvugu katika kikombe kinaweza kuchemka na kuruka katika tangi. Ndiyo maana mwanafunzi wa maabara hufundishwa tangu siku ya kwanza kumimina asidi ndani ya maji polepole, wala asithubutu kumimina maji ndani ya asidi. Katika kikombe, anayekosea huunguza mkono wake. Katika kiwanda, huunguza watu ambao hakuwahi kuwaona.

Elimu hii si ngeni katika nchi yetu. Kabla hajaja mzungu yeyote, wahunzi wa Katanga walichukua lile jiwe la kijani tunaloliita malakiti, wakalitia pamoja na makaa katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakavuvia mpaka shaba ikashuka. Walijua ni makaa gani, upepo kiasi gani, saa ngapi. Shaba hiyo waliimimina katika umbo la misalaba midogo, na mingine imepatikana katika makaburi ya kale ya Sanga, upande wa Upemba. Misalaba ile haikuwa ya Kikristu. Ilikuwa mali, ilikuwa mahari. Lakini wajukuu wa watu wale wakiniambia kwamba kemia ni ya wageni, nashindwa kuwaelewa.

Siku hizi jiwe lile lile halipitii moto peke yake. Husagwa, kisha huoshwa kwa asidi ya salfuri, na shaba huyeyuka ndani yake ikawa maji ya rangi ya buluu na kijani. Baadaye umeme hupitishwa humo, na shaba safi hujipanga juu ya mabamba. Likasi wanafanya kazi ya umeme namna hiyo huko Shituru tangu 1929, Kolwezi huko Luilu tangu 1960, na leo viwanda vya aina hiyo ni vingi kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi. Kobalti hubaki katika maji, hushushwa kwa magnesia, hutoka kama tope, hukaushwa, hutiwa magunia. Asidi yenyewe hutengenezwa kwa kuchoma salfa, ile ambayo Biblia yetu huiita kiberiti katika habari za Sodoma. Wazee wengine hutabasamu wakisikia hivyo, wakasema wameelewa kila kitu.

Sasa niseme wazi: kambo yule ana haki. Hakubuni. Maji yanayotoka katika kazi hiyo yana asidi na yana metali, na mtu akiyaachilia jinsi yalivyo, yanaua. Wanakemia hupima ukali huo kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi yako karibu na 7. Siki iko karibu na 3. Wengi hudhani kwamba kutoka 7 kushuka mpaka 3 ni hatua nne ndogo. Sivyo. Kila hatua moja ni mara kumi, basi hatua nne ni mara elfu kumi. Samaki hawezi kuishi humo, wala mboga haiwezi.

Jirani zetu wa Zambia waliliona jambo hili mwezi wa pili wa mwaka 2025. Karibu na Chambishi, ukuta wa bwawa la mabaki ya kiwanda cha shaba ulibomoka, na maji yenye asidi yakaingia katika vijito mpaka mto Kafue. Mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Kisha serikali ikafanya nini? Ilituma ndege na mashua kumwaga chokaa mtoni. Chokaa, vijana wapenzi! Ile ile tunayoipaka ukutani, inayopatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa katika moto wa nyuzijoto 900 hivi. Chokaa ikikutana na asidi ya salfuri, ukali unapungua, inazaliwa jasi, na sehemu kubwa ya metali iliyokuwa imeyeyuka inaanguka chini kama tope.

Basi nilipokuwa nikisoma habari hiyo ndipo nilipoona upumbavu wa jibu langu. Aliyeharibu mto alitumia kemia. Aliyejaribu kuuponya alitumia nini? Sala zetu hazikukosekana, naamini. Lakini mtu mmoja ilimpasa kuketi akapiga hesabu: asidi kiasi gani, chokaa kiasi gani, imwagwe wapi, kwa mwendo gani wa maji. Ikipungua, haisaidii, ikizidi, maji yanakuwa makali upande wa pili. Mtu huyo hakutokea pale siku ile kwa muujiza. Miaka mingi kabla, alikuwa kijana aliyechagua masomo, na katekista wake, kama alikuwa naye, hakumzuia.

Hata hivyo chokaa iliyomwagwa mtoni imechelewa. Tope lile haliondoki. Linalala chini ya mto. Chokaa hiyo ilipaswa kutiwa kiwandani, kabla maji hayajafika bwawani, na bwawa lilipaswa kuwa na ukuta wa kustahimili mvua. Hapa nakumbuka watu wa Yeriko katika kitabu cha pili cha Wafalme. Walimwambia nabii Elisha kwamba mji wao ni mzuri, lakini maji ni mabaya na nchi haizai. Elisha aliomba bakuli jipya na chumvi. Angalieni mahali alipoitupa: hakuitupa katika mitungi ya watu, nyumba kwa nyumba, alitoka akaenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe. Sisemi kwamba Elisha alikuwa mhandisi, wala sisemi kwamba chumvi ile ilifanya kazi kwa nguvu zake yenyewe. Maandiko yanasema ni Bwana aliyeyaponya maji. Nasema tu kwamba nabii hakuona ni aibu kwenda na chombo mkononi mpaka pale uharibifu unapoanzia. Na mahali unapoanzia, kwetu sisi, ni ndani ya uzio wa kiwanda. Nje ya uzio tunaweza kulia, kuandika barua na kuandamana, na mara nyingine imetupasa kufanya hivyo. Lakini aliyeko ndani ndiye anayeshika bomba.

Mtaniambia: Mwalimu, aliyeko ndani ana bosi. Ataambiwa aandike namba nzuri katika daftari la maji hata kama maji ni mabaya, na akikataa atafukuzwa. Ni kweli, na sitaki kuwadanganya. Kijana anayeingia katika kazi hii ajue kwamba siku moja atashika karatasi yenye namba mbaya, na mtu atamwomba aweke sahihi chini ya namba nzuri. Pengine ataombwa kwa upole, na bahasha juu yake.

Lakini sisi Wakongomani hatuna haki ya kusema kwamba hilo haliwezekani kukataliwa. Mwenye heri Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, aliyefanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Kazi yake ilikuwa kusema chakula hiki kinafaa, hiki hakifai. Alikataa kupokea fedha ili apitishe mchele ulioharibika, akauawa mwezi wa saba mwaka 2007, akiwa na miaka 26. Kanisa lilimtangaza mwenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Tunaimba nyimbo zake, tunavaa vitambaa vyenye sura yake, ni vema. Ila tusisahau kwamba hakuuawa akihubiri. Aliuawa kwa sababu ya cheti cha ubora. Mnaposema kemia iko mbali na utakatifu, mfikirieni yeye na mchele ule.

Sitaki mkimbilie hatari kwa ajili ya sifa. Mhandisi mwenye akili hujenga mambo ili asibaki peke yake na namba: hupima mbele ya shahidi, huandika kwa wino, hutunza nakala, huwafundisha wafanyakazi wa chini kusoma kipimo wao wenyewe. Ujasiri mwingi ni utaratibu mzuri uliowekwa mapema.

Sasa niseme na wale wanaoitaka kazi hii kwa shangwe, maana nao wapo. Wengine wameona kaka wa jirani akipiga picha na kofia ngumu na fulana ya kung’aa, amenunua gari, anajenga. Mshahara si kitu cha kudharau. Aliyelala njaa analijua hilo. Lakini kama ni gari tu unalolitafuta, karatasi ile yenye namba mbaya itakushinda siku ya kwanza. Tena, kwa nini mawazo yetu yote yaishie mgodini? Sabuni ni kemia: mafuta ya mawese na soda kali, na anayekosea kipimo huwachubua watu ngozi. Maji ya bomba ni kemia. Saruji ni kemia, sukari ni kemia, dawa ni kemia. Chini ya ziwa Kivu kuna gesi ya metani iliyoyeyuka katika maji, pamoja na gesi nyingine iwezayo kuwaua watu wa pwani zote mbili. Wenzetu wa Rwanda tayari wanaitoa metani hiyo na kupata umeme. Na kobalti yetu? Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani, lakini inaondoka katika magunia ikiwa bado haijakamilika, na sehemu kubwa inasafishwa China. Tunalalamika kwamba wageni wanachukua mali. Ni haki kulalamika. Lakini wakituachia kesho asubuhi, ni nani kati yenu atakayejua kuimalizia?

Naomba pia msamaha kwa neno jingine. Kila mwaka tunaombea miito, na tunamaanisha upadri na utawa. Tunafanya vizuri, maana mavuno ni mengi. Lakini katika kitabu cha Kutoka, mtu ambaye Mungu mwenyewe asema amemjaza roho yake ni fundi, Bezaleli, apate hekima ya kufanya kazi ya dhahabu na fedha na shaba. Ya shaba! Sikumbuki kama nimewahi kufundisha kifungu hicho katika nchi hii ya shaba, na ninafundisha katekisimu tangu zamani. Wasichana hasa tumewanyima neno hilo. Msichana akipenda kemia tunamwelekeza kwenye uuguzi, kana kwamba yule mama aliyepiga hesabu ya bukari ya watu mia tano hakuwa mwanamke.

Njia ni ngumu, msidanganyike. Ni miaka mitano au zaidi ya chuo kikuu, na hesabu ndizo zinazowaangusha wengi, si kemia. Karo hupanda, masomo husimama kwa migomo, na diploma peke yake haimpi mtu kazi. Mara nyingi bado wanauliza wewe ni mtoto wa nani. Asiyependa hesabu asilazimishwe na baba yake kwa sababu ya mshahara. Shule nyingi hazina maabara. Kemia inafundishwa kwa chaki. Kama mtu aliyesomea ualimu, hilo la mwisho silikubali kuwa udhuru. Chukueni yale maua mekundu ya ngai-ngai, myachemshe, mpate maji mekundu. Tieni matone ya ndimu katika kikombe kimoja: wekundu unakolea. Katika kingine tieni maji ya majivu yaliyochujwa: wekundu unatoka, yanaelekea kijani. Hapo mmeona asidi na kinyume chake kwa macho yenu, na gharama yake haifiki bei ya mkate. Mtoto aliyeona hivyo akiwa na miaka kumi na mbili hatauogopa ubao.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa kijana yule, nikamwomba msamaha mbele ya kambo yake. Nilimwambia kwamba sheria ni masomo mazuri, kama ndiyo anayoyapenda, lakini asiyashike kwa sababu yangu. Alinyamaza muda mrefu. Amepoteza mwaka mmoja, na karo ya mwaka mmoja, ambayo mjomba wake aliitoa kwa shida. Msamaha wangu haurudishi fedha hizo. Hakuniambia ataamua nini, nami sikumwuliza. Ni kambo aliyesema. Aliuliza kama chokaa ikitiwa katika bustani yake, mboga zitarudi. Nilimwambia kwamba sijui. Kwamba kwanza inapaswa kupima udongo, na kwamba asidi inaweza kutulizwa lakini metali hubaki, na mboga zinaweza kuota vizuri huku zikiwa na sumu ndani. Alimtazama mjukuu wake, akasema: «Basi na apime.»

Rafiki mmoja mwalimu wa kemia amenipa kijitabu cha karatasi za kupimia pH. Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, tutapima maji ya kisima cha parokia na maji ambayo kila mmoja ataleta kutoka kwao. Karatasi hizo hazionyeshi metali, kwa hiyo asinywe mtu maji kwa kuziamini peke yake. Njooni na chupa iliyooshwa vizuri, isiyokuwa na harufu ya sabuni, na mwandike juu yake mahali na saa mlipoteka. Kambo atakuja na chupa ya mto wake.